Maji ya Moto Mlimani

Anayesimulia Mlimani, kilima cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya mwaka 1969 huanza na siasa. Walter Rodney alikuwa akifundisha historia, Yoweri Museveni na wenzake walikuwa na chama chao cha wanafunzi wanamapinduzi, na mwezi Novemba jarida la Cheche likaanza kutoka. Yote hayo ni kweli na yanastahili kusimuliwa. Lakini mwaka huohuo jarida la walimu wa fizikia la Uingereza lilichapisha kazi iliyopimwa katika maabara ya kilima kilekile, na hadi leo wanasayansi wa mabara mengine wanaitaja. Katika historia ya chuo chetu naona imepewa nafasi ndogo mno.

Sayansi pale ilikuwa changa. Chuo kilizaliwa Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kikahamia Mlimani 1964, na kitivo cha sayansi kikafunguliwa 1965. Profesa wa fizikia alikuwa Mwingereza, Denis Osborne.

Osborne alialikwa Iringa, katika shule ya Mkwawa, azungumze juu ya fizikia na maendeleo ya taifa. Maswali yakawa mengi. Kijana mmoja, Erasto Mpemba, akauliza: ukichukua maji ya ujazo sawa, haya ya nyuzi 35 na yale ya nyuzi 100, ukayaweka kwenye friza, yale ya nyuzi 100 ndiyo yanayotangulia kuganda, kwa nini? Wenzake wakamcheka.

Swali lile alikuwa amelibeba tangu 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe ndipo wayaingize kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa inakaribia kujaa, naye akaingiza yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake aliyeingiza yasiyo ya moto wakati uleule bado uji mzito. Alipomuuliza mwalimu aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga alimweleza kwamba wao huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto makusudi, ugande upesi. Hapa pananigusa sana: wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanalitumia jambo ambalo darasani lilikanushwa. Mkwawa, walipofika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa, alilirudia swali; mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, na darasa likaifanya utani wa kila siku.

Osborne hakumcheka, ingawa mwenyewe alidhani kijana amekosea. Aliahidi kulijaribu. Aliporudi Dar es Salaam akampa kazi fundi wa maabara, naye fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto kweli yametangulia kuganda, ila ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Jibu likabaki lilelile.

Vifaa vilikuwa vya kawaida: bika za sentimita za ujazo 100, ndani yake maji ya sentimita za ujazo 70 yaliyochemshwa, chini yake kipande cha povu la kuzuia joto, kisha friza. Maji yaliyoanza na nyuzi 25 yalichukua muda mrefu kuliko yote kabla ya kuanza kuganda. Yaliyokaribia nyuzi 90 yaliwahi mno. Tabaka jembamba la mafuta lilipowekwa juu, kuganda kukachelewa kwa saa kadhaa. Osborne akaona kwamba joto linatoka zaidi kupitia uso wa juu, na kwamba maji ya moto, kwa kuzunguka ndani ya bika, huufanya uso huo uwe na joto kuliko sehemu nyingine. Kiasi kilichopotea kwa mvuke kilikuwa kidogo, hakikutosha kuwa sababu.

Katika makala ya 1969 jina la kwanza ni la Mpemba. Ndiye anayeanza kusimulia kwa kauli yake mwenyewe, kisha profesa analeta vipimo. Wakati huo kijana alikuwa amekwenda Chuo cha Mweka, Moshi, kusomea wanyamapori. Osborne angeweza kumtaja kwa shukrani tu mwishoni, lakini alimpa haki yake yote, na kwangu hilo ni sehemu ya mafanikio ya idara ile sawa na vipimo vyenyewe.

Mjadala haujafungwa. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walipima upya na hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hupoa upesi zaidi. Mahali pa kupachika kipimajoto, hata kwa tofauti ndogo, palitosha kubadili matokeo. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada waliiacha barafu kando, wakatumia chembe ndogo sana zinazoelea ndani ya maji, nao wakaonyesha wazi kwamba chembe zilizoanza na joto zaidi zinaweza kutangulia kufika kwenye baridi. Sasa jambo hilo linatafutwa hata katika mifumo ya kwanta, na kote huko linaitwa kwa jina la mwanafunzi wa Magamba.