Kiwanja Kimoja, Hati Nne

Mita 12 kwa 24. Hicho ndicho kipimo cha viwanja vingi vilivyogawiwa Sinza miaka ya 1970, wakati serikali ilipokopa Benki ya Dunia ili kuwapimia wakazi wa Dar es Salaam mahali pa kujenga. Zidisha, unapata mita za mraba 288. Kilomita chache upande wa bahari, Oyster Bay, kulikuwa na viwanja vilivyopimwa enzi za Mwingereza vyenye ukubwa wa ekari nzima na zaidi. Ekari ni mita za mraba 4,047. Kiwanja kimoja cha namna hiyo kinameza viwanja 14 vya Sinza kabla hujachora barabara.

Ndani ya tofauti hiyo ndimo zilimozaliwa nyumba tunazoziona leo Mikocheni, Msasani na Mbezi Beach: geti moja, ukuta mmoja, na ndani yake nyumba nne au sita za ghorofa mbili zilizosimama pale palipokuwa na nyumba moja, mwembe na banda la uani. Madalali wanaziita vila. Majirani wa zamani wanaziita majina mengine. Lawama ya kawaida ni kwamba viwanja vimekuwa vidogo mno. Mimi nadhani udogo wa kiwanja unasingiziwa. Jiji hili lilikwisha kujua kujenga vizuri kwenye kiwanja kidogo, tena kwa miongo mingi, kisha likaiacha elimu hiyo kwa sababu ilinuka uswahilini.

Tuanze na ramani. Wajerumani walitoa kanuni ya ujenzi mwaka 1891, wakaamua nyumba za aina gani zijengwe sehemu gani ya mji. Waingereza walipochukua nchi wakaikaza: miaka ya 1920 mji ulikuwa na kanda tatu, ya kwanza ya nyumba za Kizungu, ya pili ya maduka na makazi ya vifaa vya kudumu, ya tatu ya vibanda vya wenyeji. Karatasi za serikali hazikulazimika kutaja rangi ya mtu, zilitaja aina ya jengo. Watu wa mjini walizisoma zilivyokusudiwa, wakasema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati kuwa mpaka kati ya Uhindini na Kariakoo.

Kariakoo ilikuwa imechorwa kwa mistari iliyonyooka tangu mwisho wa utawala wa Mjerumani, viwanja vidogo vilivyopangana mtaa kwa mtaa. Juu ya viwanja hivyo ikasimama nyumba ambayo mpaka leo fundi yeyote wa Dar anaweza kuijenga bila ramani. Unaingia mlango wa mbele wenye baraza, unakuta ukumbi mrefu umenyooka hadi mlango wa nyuma. Kulia vyumba vitatu, kushoto vyumba vitatu. Nyuma kuna ua, na uani kuna jiko, choo, bafu na stoo.

Ichukue nyumba hiyo uipime. Chumba mita tatu, ukumbi mita moja na nusu, chumba kingine mita tatu, ongeza unene wa kuta: upana wake hauzidi sana mita nane. Ndiyo maana iliingia bila shida katika kiwanja cha mita 12 cha Sinza, miaka sitini baada ya mistari ya Kariakoo kuchorwa. Upepo unaingia mbele na kutokea nyuma kupitia ukumbi. Baraza ni ya wageni na ya mazungumzo, ua ni wa wenye nyumba na wa kazi. Tena ni nyumba inayolipa: mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, vingine anapangisha, na kila mpangaji ana mlango wake kwenye ukumbi. J.A.K. Leslie, aliyeufanyia mji huu utafiti miaka ya 1950 na kitabu chake kikatoka mwaka 1963, aliukuta utaratibu huu umeshika mizizi. Ukitaka kuigawa kati ya warithi sita, huna haja ya kubomoa ukuta hata mmoja. (Ugomvi utakuwepo, lakini hautakuwa wa usanifu.)

Oyster Bay ilifuata akili nyingine kabisa. Kuanzia miaka ya 1930 wazungu walihamia huko kufuata upepo wa bahari, na nyumba ikawekwa katikati ya kiwanja, ikazungukwa na bustani pande zote nne. Upande mrefu ulielekezwa kwenye upepo, kusi na kaskazi, madirisha yakatazamana ili hewa ipite, na veranda ikazuia jua lisipige ukuta. Wafanyakazi walijengewa vyumba mwisho wa kiwanja, mbali na macho. Hakukuwa na kiyoyozi wala haja yake. Ni nyumba nzuri, na mimi sina ugomvi nayo, ila uzuri wake wote umekopwa kutoka kwenye ardhi inayoizunguka. Ondoa ile ardhi, kinachobaki ni chumba cha joto chenye dirisha linalotazama ukuta.

Mwaka 1949 kampuni ya Sir Alexander Gibb & Partners iliandaa mpango mkuu wa mji. Hapo ndipo lugha ya msongamano iliposhika nafasi ya lugha ya kanda: msongamano mdogo, wa kati na mkubwa. Mipaka haikuhama sana. Waliokuwa Uzunguni wakajikuta kwenye msongamano mdogo, na waliokuwa Uswahilini kwenye mkubwa. Uhuru ulipokuja, mpango wa mwaka 1968 uliotayarishwa na Project Planning Associates kutoka Canada, na ule wa 1979 wa wenzao wa Marshall Macklin Monaghan, iliendelea kupanga mji kwa mizani hiyo hiyo. Watu walibadilika, ofisa Mwafrika akahamia nyumba ya ofisa Mwingereza, lakini kipimo cha kiwanja kilibaki. Pamoja nacho ikabaki ndoto: mtu akifanikiwa, nyumba yake inakaa katikati ya kiwanja, haigusani na ya mtu mwingine.

Ndoto hiyo iliingia hadi kwenye kanuni. Viwango vya mipango miji vya mwaka 1997 vilisema kiwanja cha msongamano mkubwa, yaani kile cha mtu wa kawaida, kiwe kati ya mita za mraba 400 na 800. Cha kati kilianzia 801 hadi 1,600, na cha msongamano mdogo kiliruhusiwa kufika 4,000. Angalia vizuri: kiwanja cha Sinza cha 288, ambacho serikali yenyewe ilikuwa imekigawa miaka ishirini nyuma, kilikuwa kidogo kuliko kiwango cha chini kabisa. Profesa Lusugga Kironde wa Chuo Kikuu Ardhi aliandika mwaka 2006 jinsi viwango vya aina hii visivyoendana na maisha ya wakazi wengi wa Dar es Salaam, ambao walikuwa wakijenga kwenye maeneo madogo zaidi nje ya upimaji. Sheria ilidai kiwanja kikubwa, mfuko ukanunua kidogo, na mjumbe wa nyumba kumi akatia saini mauziano.

Na Sinza yenyewe? Haikuharibika kwa udogo wake. Mradi ule uliweka barabara, mabomba na mawe ya mipaka, ukawaachia watu wajenge wenyewe, baadhi yao kwa mkopo wa Benki ya Nyumba. Wengi walianza na nyumba ya ukumbi katikati. Baadaye likaongezwa banda la uani la kupangisha, kisha fremu za maduka mbele, kisha nguzo za zege zikapanda. Leo kuna maghorofa, baa na gesti kwenye viwanja vile vile, kutoka Shekilango hadi Sinza Kwa Remmy, mahali panapobeba jina la mwanamuziki Remmy Ongala. Wachumi waliolinganisha mitaa ya mradi ule na mitaa mingine ya miji ya Tanzania, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, walikuta kwamba miongo kadhaa baadaye ile ya mradi ina nyumba kubwa zaidi, zilizopangika zaidi, na ardhi yake ina thamani ya juu. Kiwanja kidogo chenye barabara mbele yake kimevumilia kuliko ekari isiyofikika.

Ukataji wa viwanja vikubwa ulishika kasi baada ya milango ya uchumi kufunguliwa. Benki ya Nyumba ilikufa mwaka 1995, na kwa muda mrefu mtu aliyetaka kujenga alitegemea akiba yake au kipande cha ardhi alichoweza kukiuza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliwauzia watumishi nyumba zake, nyingi zikiwa kwenye viwanja vipana vya Oyster Bay na maeneo ya jirani. Mstaafu akajikuta na nyumba ya zamani, kodi ya ardhi, na bustani yenye thamani kuliko nyumba. Wakati huohuo mji ulikuwa unafurika: sensa ya 1967 ilihesabu watu takriban 273,000 Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 5.3. Hakuna bustani inayoshinda hesabu hiyo.

Zipo njia mbili za kisheria. Ya kwanza ni kukigawa kiwanja chenyewe: unaomba kwa mamlaka ya upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, mchoro wa mtaa unarekebishwa, mpimaji anapima upya na kusimika mawe mapya, unairudisha hati ya zamani na zinatolewa mpya, kila kipande na yake. Ya pili ilikuja na Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008, ambapo ardhi inabaki moja lakini kila mwenye nyumba ndani yake anapata hati ya sehemu yake, na vitu vya pamoja kama njia, geti na tangi vinasimamiwa na chama cha wamiliki. Njia ya pili inampa msanifu uhuru mkubwa zaidi, kwa sababu halazimiki kuchora mpaka katikati ya kila kitu. Hata hivyo watu wengi moyo wao uko kwenye ya kwanza. Mtu anataka jiwe lake la mpaka alione kwa macho.

Tazama jinsi jiwe hilo linavyoiumba nyumba. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 40, mita za mraba 800. Ukikikata kwa urefu unapata vipande viwili vya mita 10 kwa 40. Tuseme kila nyumba iachie mita moja na nusu kila ubavu: upana wa nyumba unabaki mita saba. Ukijumlisha vichochoro vinne vilivyoachwa, umepoteza mita sita kati ya ishirini kwa urefu wote wa kiwanja, na unachopata ni njia nyembamba za kuanikia nguo na kuweka majenereta. Ukikikata kwa upana badala yake, wa nyuma anahitaji njia ya gari. Mita nne za upana mara 20 za urefu ni mita za mraba 80 zimegeuka barabara, na wa mbele analala akisikia kila gari la mwenzake.

Hapa ndipo wachoraji wengi wa ramani wanapoteleza. Wanaichukua nyumba ya Oyster Bay, wanaiminya hadi itoshe, wanaipandisha ghorofa, wanalificha paa nyuma ya ukuta ili ionekane ya kisasa, na madirisha makubwa ya aluminiamu wanayaweka ubavuni. Dirisha la sebule ya Mama fulani linatazamana na dirisha la jiko la jirani kwa umbali wa mita tatu. Mapazia hayafunguliwi mwaka mzima, kiyoyozi hakizimwi, na lile paa lililofichwa, lisilo na mabati ya kuchomoza, linaruhusu mvua ya masika ichirizike ukutani hadi rangi ibabuke.

Wanaofaulu wamefanya kitu ambacho bibi zao wa Kariakoo wangekitambua. Wanaziunganisha nyumba ukuta kwa ukuta, wanafuta vichochoro vya ubavuni, na nafasi ile wanaiingiza ndani iwe ua. Jiko na sebule vinafunguka uani, ngazi inakaa katikati na juu yake kunaachwa tundu la kutolea hewa ya moto, ukuta wa mbele unajengwa kwa tofali za matundu zinazoingiza upepo bila kumwonyesha mtu aliye ndani. Mji Mkongwe wa Zanzibar umeishi hivyo miaka mingi, nyumba zimeegemeana na kila moja ina uwazi wake ndani. Upana wa mita saba ukiunganishwa hivi unakuwa kumi, na kumi inatosha vyumba viwili, ukumbi na ua mdogo kando.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote kiko chini ya ardhi. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam haijaunganishwa na mtandao wa majitaka, kwa hiyo kila nyumba inachimba shimo lake. Kiwanja cha ekari kilikuwa na mahali pa kulificha mbali, nyuma ya minazi. Kiwanja kile kile kikiwa na nyumba nne kina vyoo vya familia nne, pengine na kisima cha kuchimba cha jirani nyuma ya ukuta, na mahali pekee palipobaki wazi ni pale magari yanapogeuzia. Basi shimo linachimbwa hapo, linafunikwa kwa zege zito na kuwekewa vitofali juu, na gari la kunyonya linapokuja, wenye nyumba wote wanne hutoa magari yao mtaani kwanza.