Kebo, wingu, na ufunguo wa data

Leo historia kidogo.

Kabla ya 2009 intaneti yetu hapa Ukunda ilitegemea setilaiti, basi we acha tu. Mwaka huo kebo za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa, ng'ambo ya Likoni, na kuweka hifadhidata kwenye seva za mbali kukawezekana kweli. Hata M-Pesa, iliyoanza 2007, seva zake zilikuwa Ujerumani hadi 2015.

Kwa miaka mingi, aliyechungulia data kwa kawaida alikuwa mtu, mara nyingi akiandika amri za SQL mwenyewe. Novemba 2024 Anthropic wakatoa MCP, utaratibu wa wazi wa kumuunganisha msaidizi wa akili bandia na zana kama Supabase. Unauliza kwa maneno ya kawaida, yeye anasoma majedwali, hata kuyabadilisha. Raha! Halafu Julai 2025 msaidizi wa Replit akafuta hifadhidata ya mteja aliyekuwa amekataza mabadiliko yoyote.

Mimi nimetengenezea duka moja la hapa programu ya madeni. Msaidizi nimempa ruhusa ya kusoma tu, tena nakala ya majaribio. Mwenye duka naye daftari lake bado liko chini ya kaunta, na sijamwambia alitupe.