Mashua ni ya Nani?

Mtu akikutuma Obunga, Kisumu, umletee mgongo wazi, anataka mifupa ya mbuta, ile inayobaki kiwanda kikishatoa mnofu na kuupeleka ng'ambo. Mbuta alitiwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa biashara kubwa. Uvumbuzi, sawa. Lakini mnofu uliabiri ndege, wamama wakabaki kukaanga mifupa.

Ufuoni ilikuwa mbaya zaidi. Mashua zilikuwa za wanaume, na wauzaji wengi wa kike hawakupewa samaki bila kulala na mvuvi. Mtindo huo unaitwa jaboya.

Mwaka wa 2011, ufuo wa Nduru, Nyakach, wanawake wakiongozwa na Justine Adhiambo Obura walianza kumiliki mashua, za kwanza zikinunuliwa kwa pesa za Marekani. Wakajiita No Sex for Fish. Wanaume wakawa waajiriwa wao. Jaboya haikuisha, ila mwenye mashua hapigi magoti.

Halafu 2020 ziwa likafurika, likameza kijiji, na wengi wakahama.

Ndiyo maana nikisikia sera ya uvumbuzi ikisifiwa, nauliza tu: mashua ni ya nani? Na ikizama, nani atanunua nyingine?