Taarifa ya Saa Kumi na Mbili: Kwa Nini Kufa kwa The Nine Hakujamaliza Mjadala wa Televisheni ya Waskoti

Mwaka 2024 BBC ilipotangaza kwamba itaiondoa The Nine, taarifa ya habari ya saa nzima katika chaneli ya BBC Scotland, wapo walioona kwamba mjadala mrefu umepata hukumu yake. Hoja yao ni fupi: Waskoti walipewa habari za dunia zilizohaririwa Glasgow, wakazipa kisogo. Usiku mwingine watazamaji walihesabika kwa maelfu machache tu. Napinga hitimisho hilo. Kilichojaribiwa kuanzia Februari 2019 hakikuwa kile kilichoombwa, na kilichoombwa hakijaonekana hewani hata jioni moja.

Ombi lenyewe ni la miaka ya 1990. Saa kumi na mbili jioni BBC One hurusha taarifa ya Ufalme wa Muungano kutoka London, na nusu saa baadaye huja Reporting Scotland. Waliotetea kile kilichoitwa "Scottish Six" walitaka vipindi hivyo viwili viunganishwe: saa moja, chumba kimoja cha habari Glasgow, na wahariri wenye uhuru wa kuamua kama jioni hiyo habari kuu imetoka Edinburgh, Westminster au Baghdad. Magavana wa BBC walilikataa pendekezo hilo mwaka 1998, miezi michache kabla ya Bunge la Uskoti kufunguliwa. John Birt, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wakati huo, alieleza baadaye katika kumbukumbu zake jinsi alivyomwendea Waziri Mkuu Tony Blair ili mpango huo uzuiwe, kwa kuhofia madhara yake kwa BBC na kwa muungano wenyewe. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Lakini tukubaliane kwamba ilikuwa hofu ya kisiasa, na mtazamaji wa Dundee hakuwa ameulizwa.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni wa BBC yenyewe. Mwaka 2008 BBC Trust ilichapisha tathmini ya Profesa Anthony King kuhusu namna shirika lilivyokuwa likiripoti mataifa manne ya Ufalme wa Muungano baada ya ugatuzi, ikitegemea utafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff. Katika wiki nne zilizochunguzwa kulikuwa na habari 136 za afya na elimu. Zote 136 zilihusu England. Afya na elimu ndizo sekta ambazo Bunge la Uskoti lilikuwa limezisimamia tangu 1999, na shule za Uskoti hazijawahi kuwa chini ya mfumo wa England, hata baada ya muungano wa 1707. Mzazi wa Inverness alikuwa akilipa ada ileile ya leseni na kupewa, jioni baada ya jioni, habari za mitihani ambayo mwanawe hataifanya.

Wenzangu wanaoiona tathmini hiyo kuwa imepitwa na wakati hukumbusha kwamba ufuatiliaji uliofanyika baadaye ulikuta mabadiliko: watangazaji walianza kutaja kwamba sera fulani ni ya England pekee. Nakubali, na hapo ndipo ninapotofautiana nao kabisa. Lebo hurekebisha kosa la ukweli; mgawanyo wa habari unabaki palepale. Mtazamaji sasa anaambiwa kwa usahihi kwamba habari anayoitazama haimhusu. Mei 2020 udhaifu huo uligeuka kuwa hatari. Waziri Mkuu wa wakati huo, Boris Johnson, alilihutubia taifa zima kuhusu kulegeza masharti ya korona, ilhali hatua nyingi alizozitangaza zilikuwa za England. Nicola Sturgeon, aliyeiongoza serikali ya Uskoti, alikuwa akiwataka Waskoti waendelee kubaki nyumbani. Mtu aliyetaka kujua kama anaruhusiwa kutoka nje alilazimika kusubiri nusu saa ya pili, ile ya "kwenu".

Je, Glasgow inaweza kuhariri dunia? Swali hili huulizwa kana kwamba halijajibiwa. Good Morning Scotland ya redio ilianza miaka ya 1970, ikachanganya habari za ndani na za nje bila Uskoti kuporomoka. BBC Alba, iliyozinduliwa Septemba 2008 kwa ubia na MG Alba, ina An Là, taarifa ya Kigaeli inayopanga habari za Uskoti, Ufalme na dunia katika kipindi kimoja. Eòrpa imekuwa ikizunguka Ulaya kwa lugha hiyohiyo tangu 1993. Kwa maneno mengine, mfumo ulionyimwa wasemaji wa Kiingereza unatumika kwa lugha ambayo sensa ya 2022 iliwapata wasemaji wake wapatao 70,000. Anayesema jambo hili haliwezekani anapaswa kueleza linawezekanaje kwa Kigaeli.

Turudi kwenye The Nine. Februari 2017 Tony Hall, mkurugenzi mkuu wa BBC wa wakati huo, aliukataa tena mpango wa saa kumi na mbili na badala yake akaahidi chaneli mpya yenye bajeti ya pauni milioni 30 kwa mwaka. Waandishi wa habari wapatao 80 waliajiriwa. Kisha kazi yao ikawekwa saa tatu usiku, katika chaneli ambayo watu hawakuwa na mazoea nayo, ikishindana na vipindi vikubwa vya BBC One. Reporting Scotland, kwenye saa na chaneli iliyozoeleka, iliendelea kutazamwa na mamia ya maelfu. Televisheni ya habari huishi kwa mazoea ya nyumbani: watu wamerudi kazini, chakula kinaandaliwa, seti imewashwa. Ukimwondoa mtangazaji hapo huwezi kujua kama amekataliwa yeye au saa yake.

Kuna wanaotumaini kwamba upande wa biashara utaziba pengo. Mimi siamini. STV, kituo cha kibiashara cha Uskoti, ilipoanza kurusha matangazo Agosti 1957, mmiliki wake Roy Thomson aliifananisha leseni yake na ruhusa ya kuchapa noti. Leo hesabu zimegeuka. Mwaka 2025 kampuni hiyo ilitangaza mpango wa kubana matumizi uliogusa taarifa ya pekee ya kaskazini, ile ambayo mizizi yake ni televisheni ya Grampian ya Aberdeen. Nao Waskoti wa mpakani hupata taarifa yao ya ITV kutoka Gateshead, ndani ya England.

Utangazaji umebaki mikononi mwa Westminster chini ya Sheria ya Uskoti ya 1998, na Hati ya Kifalme ya sasa ya BBC inaisha Desemba 2027. Hati mpya inaweza kuitaka BBC irushe taarifa iliyounganishwa kutoka Glasgow, BBC One, saa kumi na mbili jioni, kwa miaka miwili mfululizo, na takwimu zake za watazamaji zichapishwe kila mwezi. Watazamaji wakiikataa hapo, nitayakubali matokeo. Nadhani hawataikataa.