Moto Hauvukutwi na Mtu Mmoja

Vijana wengi tunaojaribu kuandika tunaimba wimbo mmoja: moyo wa kazi umekufa. Mchana unahangaikia riziki, usiku unakaa mbele ya daftari na kalamu haisogei. Basi tunasema eti kipaji kimekauka. Leo naomba tuiache kidogo habari ya kipaji, tutazame historia. Tena si ya mbali, ni ya hapa hapa kwetu Biharamulo, ya watu waliofanya kazi ngumu kuliko yetu na hawakukaa kungoja moyo uje wenyewe.

Nawasema Warongo. Hawa walikuwa wayeyusha chuma wa kusini-magharibi ya Ziwa Viktoria, katika sehemu ambazo siku hizi ni Biharamulo, Chato na Geita. (Chato yenyewe ilimegwa kutoka Biharamulo mwaka 2005.) Kabla jembe la dukani halijafika, jembe lao ndilo lililolima. Na jembe enzi zile halikuwa chombo cha shamba tu. Katika nchi hizi za Maziwa Makuu lilikuwa mali: liliuzwa mbali, likatolewa mahari. Kijana asiye na jembe hakuoa, bwana!

Sasa shika jambo moja. Warongo hawakuwa kabila. Kilikuwa chama cha kazi. Watu wa koo mbalimbali walikutanishwa na chuma, na aliyeingia alipokewa kwa taratibu zake, akafundishwa kazi pamoja na miiko. Mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt, Mmarekani aliyetafiti Kagera kwa miaka mingi, aliandika habari zao mwaka 1996 na akawaita hivyo hivyo, chama cha kazi. Nilipolisikia hilo nilishtuka. Mimi nilidhani ufundi wa zamani ulikuwa siri ya baba na mwanawe tu.

Itazame kazi yenyewe. Kwanza mawe yenye chuma yachimbwe. Kisha miti migumu ikatwe, ichomwe iwe makaa, magunia kwa magunia. Udongo ufinyangwe, yatoke mabomba ya kupitishia upepo. Ndipo tanuru lijengwe, liwashwe, na mivukuto ya ngozi ianze kupigwa. Hapo ndipo penye kazi! Mivukuto ikisimama, moto unapoa, na chuma hakitoki. Utaambulia mavi ya chuma tu. Kwa hiyo ilipigwa saa baada ya saa, huyu akichoka anampokea yule. Na walikuwa wakiimba. Wimbo haukuwa pambo. Ndio uliopanga mkono, ukamsahaulisha mtu mgongo unaouma.

Halafu kulikuwa na miiko. Tanuru lilihesabiwa kama mwanamke mwenye mimba, na chuma kinachotoka ndicho mtoto. Chini ya tanuru ziliwekwa dawa. Myeyushaji alijitenga na mkewe kwa muda wa kazi. Kijana wa leo anaweza kucheka, aseme ni ushirikina. Sawa. Mimi sitetei kila mwiko, maana mingine iliwaweka wanawake mbali na tanuru. Lakini tazama matokeo yake: mtu aliyefuata miiko hiyo alikuwa amekwisha kukata shauri kwamba siku hizi ni za chuma, si za kitu kingine. Mwili wake ulijua. Je, wewe na mimi daftari letu tunalitengea siku gani?

Nisikudanganye, msomaji. Umoja huo haukuwaokoa. Majembe ya viwandani yalipoletwa kutoka Ulaya kwa bei rahisi, soko la jembe la tanuru lilikufa, na matanuru yakazimika wakati wa ukoloni. Moyo wa kazi peke yake haushindani na bei. Anayewaambia vijana kwamba ukijituma tu kila kitu kitakuja, hajawaambia yote.

Lakini kuna sehemu ya pili, nayo inatupeleka kaskazini kidogo, kwa majirani zetu Wahaya, ambao nao waliyeyusha chuma tangu kale sana. Mwaka 1976 Schmidt huyo huyo aliwaomba wazee wa huko wajenge tena tanuru. Ilikuwa imepita kama miaka hamsini tangu waache. Wazee wakakusanyika. Huyu anakumbuka udongo wa kichuguu, yule anakumbuka majani ya kinamasi yanayochomwa ndani ya shimo la tanuru, mwingine anakumbuka mabomba. Hapana aliyekumbuka yote. Walijaribu, wakarekebisha, wakarudia tena, mpaka chuma kikatoka. Habari zao zilichapwa mwaka 1978 katika jarida la sayansi huko Marekani, na dunia ikasoma kwamba ufundi huo ulikuwa wa hali ya juu.

Kumbe ubunifu ndio huo! Wazee wale hawakushukiwa na maono. Walikuwa na vipande vya kumbukumbu, wakavileta mahali pamoja, wakakubali kujaribu zaidi ya mara moja.

Mimi niliishia kidato cha nne. Nauza duka Lusahunga, kwenye njia panda ya malori yanayokwenda Rusumo na Kabanga kule Ngara. Riwaya yangu inaandikwa juu ya kaunta, katikati ya wateja wa sabuni na betri. Tuko watano tunaoandika, wawili kati yetu ni akina dada, na mmoja anatoka Ngara kwa lori akipata lifti. Tunakutana kila Jumapili ya pili ya mwezi. Mwiko wetu ni mmoja: hakuna kuja mikono mitupu. Hata ukurasa mmoja mbaya unatosha, kwani wenzako watausoma kwa sauti na kuurekebisha. Mwezi ambao mimi nimechoka, yupo anayevukuta. Mwezi wake, mimi napokea.

Sijui kama vitabu vyetu vitapata soko. Jembe la Warongo lilikuwa zuri na bado lilishindwa. Ninachojua ni kwamba tangu tuanze, hakuna mwezi ambao mivukuto imesimama. Basi nawe, kabla hujasema kipaji kimekauka, jiulize kwanza: unavukuta na nani?