Filamu ya kutisha: mambo ya kuamua kabla ya kutengeneza sehemu ya pili

Filamu kadhaa za kutisha zenye wafuasi wa kudumu zilitengenezwa kwa fedha kidogo. Wafuasi hao ndio mtaji wa kwanza wa mtayarishaji anayetaka kutoa mwendelezo. Hata hivyo, kabla ya kutafuta fedha, kuna swali linalopaswa kujibiwa: nani anamiliki filamu ya kwanza?

Haki

Mwaka 1968 George Romero na wenzake walitengeneza "Night of the Living Dead" huko Pennsylvania, Marekani, kwa takriban dola 114,000. Jina la filamu lilipobadilishwa wakati wa usambazaji, tangazo la hakimiliki liliachwa nje. Kwa sheria ya Marekani ya wakati huo, filamu ikawa mali ya umma, na yeyote aliyepata nakala aliweza kuiuza bila kuwalipa watengenezaji.

Sam Raimi naye, alipoandaa "Evil Dead II" ya mwaka 1987, hakuwa na haki ya kutumia picha za filamu yake mwenyewe ya mwaka 1981. Ilibidi matukio ya mwanzo yarekodiwe upya.

Gharama

Romero alirejea mwaka 1978 na "Dawn of the Dead". Sehemu kubwa ilirekodiwa usiku katika jengo moja la maduka, baada ya wateja kuondoka. Mwongozaji wa Italia, Dario Argento, alisaidia kupata fedha, naye akapata haki za usambazaji katika baadhi ya nchi za nje. Mahali pamoja na soko lililouzwa mapema vilipunguza mzigo.

Soko la Kiswahili

Nchini Tanzania, Mussa Banzi ni miongoni mwa waliofungua njia ya filamu za video za kutisha, kwa kazi kama "Nsyuka" na "Shumileta" katika miaka ya 2000. Hofu yake ilitokana na majini na mizimu ambayo watazamaji walikwisha kuisikia majumbani.

Katika soko hilo, mara nyingi hadithi moja ilikatwa vipande viwili na kuuzwa katika diski mbili. Kwa hiyo mtazamaji ana haki ya kuuliza iwapo sehemu ya pili ina kisa kipya.

Pwani ya Cabo Delgado

Kisiwa kama Vamizi, kaskazini mwa Msumbiji, kingeweza kumvutia mtayarishaji anayetafuta mahali pamoja pa kurekodia. Lakini Septemba 2020 watu wenye silaha walikivamia, wakachoma nyumba na hoteli, na wakazi wakakimbia. Nyumba iliyoungua huko ina mwenyewe. Haifai kugeuzwa pambo la filamu bila ridhaa yake, na simulizi za wazee kuhusu majini zaweza kutisha bila kutonesha kidonda hicho.

Msumbiji imo katika Mkataba wa Berne tangu mwaka 2013, ambao hulinda kazi ya msanii bila kudai tangazo lililompotea Romero. Mkataba huo, hata hivyo, haugawanyi mali baina ya washirika. Mwandishi, mwongozaji, waigizaji na mfadhili wanapaswa kuandikiana, kabla ya sehemu ya kwanza kutoka, nani atamiliki jina, wahusika, picha na muziki.