Tundu moja la bolti: historia ya springi ya nyuma, kutoka Kuze

Wanaokuja hapa kutafuta mambo ya hifadhidata na seva waniwie radhi, leo nazungumzia baiskeli. Lakini msikimbie, mbele kuna hesabu, kuna programu, na kuna kosa moja ambalo ni langu mwenyewe.

Mpwa wangu alinunua baiskeli ya mlimani ya mtumba, ile aina yenye springi mbele na nyuma. Fremu ilikuwa nzima ila shokomzoba ya nyuma ilikuwa imekufa, mafuta yamevuja yote. Hapa Kuze hukosi fundi. Tatizo ni kipuri. Shokomzoba ya zamani ilikuwa na urefu wa milimita 165 na ilibonyea milimita 38. Tuliyoipata sokoni ilikuwa ya milimita 190, inabonyea 50. Haikuingia. Fundi akasema atachomelea kishikio kipya kwenye paipu ya juu, kama sentimita 10 kutoka pale pa zamani, kwa sababu hapo chuma ni kinene na pananyooka. Akaniuliza mimi, mtu wa kompyuta, msomi wa nyumba: "Hapa panafaa?" Nikaangalia, nikaona baiskeli imesimama vizuri, kiti kiko kimo kile kile. Nikasema panafaa.

Siku ya tatu kijana aliteremka kuelekea Bandari ya Kale, akapiga tuta kwa kasi. Gurudumu la nyuma lilipanda likapanda mpaka tairi likagonga paipu ya kiti na kujifunga papo hapo. Alivunjika kifundo cha mkono. Aliporudi kutoka hospitali ameninginiza mkono shingoni aliniambia, "Mjomba, ile baiskeli ilinikataa." Haikumkataa. Mimi ndiye niliyesema panafaa.

Usiku ule nilichukua rula nikaanza kupima, na baada ya hapo nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na zamani. Mji huu umebeba mizigo bila springi kwa muda mrefu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 watu wenye uwezo walisafiri kisiwani kwa vigari vidogo vya relini vilivyosukumwa na watu. Mkokoteni wa leo una ekseli na magurudumu ya gari, lakini mbao zimekaa juu ya ekseli moja kwa moja, kila shimo linamfikia hamali mabegani. Baiskeli nayo, ile nyeusi nzito ambayo Kenya nzima inaiita Black Mamba, springi zake zilikuwa chini ya makalio ya mpandaji tu. Mzigo wa madafu nyuma haukuwa na springi yoyote. Na haikuwa ujinga: chuma kisicho na bawaba hakina cha kulegea, na mwenye Black Mamba alijua kwamba spana moja ingemfikisha nyumbani.

Kinyume chake ni tuktuk. Ukichungulia chini ya tuktuk utaona gurudumu la nyuma limeshikwa na mkono mmoja wenye bawaba mbele, na springi imeusimamia mkono huo. Mkono, bawaba, springi. Hiyo ndiyo babu wa habari yote hii. Mwingereza Philip Vincent alipata hataza ya mpango wa namna hiyo kwa pikipiki mwaka 1928: sehemu yote ya nyuma ni pembetatu inayozunguka kwenye bawaba, na springi zimefichwa chini ya kiti.

Sasa hesabu kidogo, nivumilieni. Mkono wa nyuma ni wenzo. Gurudumu likipanda milimita 100 na shokomzoba ikabonyea 38, uwiano ni kama 2.6 kwa 1. Maana yake springi ikisukuma kwa nguvu ya kilo 400, gurudumuni inafika ya kilo 154 hivi. Uwiano ukiwa mkubwa, springi inakuwa dhaifu mbele ya gurudumu. Uwiano ukiwa mdogo, inakuwa na nguvu.

Lakini uwiano huo haukai mahali pamoja. Mkono unapozunguka, pembe kati yake na shokomzoba inabadilika. Pembe ikianza chini ya digrii 90 na kupanda kuelekea 90, springi inazidi kupata nguvu kadiri gurudumu linavyopanda. Hiyo naiita kukaza. Pembe ikianza juu ya 90 na kuzidi kufunguka, springi inapoteza nguvu pale pale unapoihitaji zaidi. Hiyo ni kulegea. Unataka baiskeli iwe laini kwenye vijiwe vidogo na ikaze kwenye tuta kubwa. Ikiwa kinyume, kwenye vijiwe inakutikisa na kwenye tuta inaporomoka.

Wa kwanza kuumizwa sana na jambo hili walikuwa waendesha pikipiki za motokrosi. Miaka ya 1960 pikipiki nyingi zilikuwa na shokomzoba mbili fupi karibu na ekseli, kama boda boda nyingi zinazopita hapa mpaka leo. Ni mpango mzuri kwa mizigo na ni rahisi kutengeneza, lakini gurudumu halipandi sana. Mbelgiji Lucien Tilkens aliweka shokomzoba moja ndefu chini ya tangi, Yamaha wakanunua wazo lake, na mwaka 1973 Håkan Andersson wa Sweden akawa bingwa wa dunia wa daraja la cc 250 kwa pikipiki ya namna hiyo. Gurudumu sasa lilipanda zaidi. Ila kukaza bado kulitegemea pembe moja tu, na pembe moja haikupi nafasi kubwa ya kuchagua.

Hapo ndipo wakaingia watu wa viungo. Badala ya mkono kuisukuma shokomzoba wenyewe, mkono unasukuma kiungo, kiungo kinageuza kipande kingine chenye bawaba, na kipande hicho ndicho kinachobonyeza shokomzoba. Sasa una pembe kadhaa za kuchezea. Mmarekani Don Richardson alibuni mpango kama huo miaka ya 1970, kwa lengo la springi kukaza kadiri gurudumu linavyopanda. Akafanya mazungumzo na Suzuki, wakajaribu, kisha wakaachana naye. Mwaka 1981 Suzuki wakatoa pikipiki zenye mpango walioupa jina Full Floater, ambao ncha zote mbili za shokomzoba zilishikwa na vipande vinavyotembea. Richardson akaenda mahakamani. Mwaka 1989 mahakama ya rufaa ya Marekani kwa sehemu kubwa ilimpa haki yake. Ndugu zangu waandika programu ambao mmewahi kumwonyesha mteja kazi kisha mkaiona mtaani ina jina la mtu mwingine, mtaelewa kwa nini nilisoma habari hii mpaka alfajiri.

Miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1980 Honda walikuwa na Pro-Link na Kawasaki Uni-Trak. Kwa hiyo baiskeli za mlimani zenye springi nyuma zilipoanza kuenea miaka ya 1990, jibu la kukaza lilikuwa limeshapatikana. Baiskeli ililetewa tatizo jipya ambalo pikipiki hailijui kwa namna hiyo: miguu ya binadamu. Injini inavuta mnyororo kwa utulivu. Mguu unavuta, unapumzika, unavuta. Kila ukikanyaga, mnyororo unavutana na mkono wa nyuma na mwili wako unahama, baiskeli inanesa kama kitanda cha kamba. Nguvu zako zinaishia kwenye springi.

Majibu yalikuwa mengi. Wengine waliweka pedali kwenye sehemu ya nyuma yenyewe, ili mnyororo usirefuke wala kufupika. Trek Y za katikati ya miaka ya 1990 zilikuwa hivyo. Shida yake, ukisimama juu ya pedali uzito wako unakaa kwenye mkono wa nyuma na springi inakuwa karibu kama haipo. Na unasimama lini? Kwenye mashimo.

Mert Lawwill, aliyekuwa bingwa wa mbio za pikipiki Marekani mwaka 1969, alibuni Gary Fisher RS-1 mwanzoni mwa miaka ya 1990, yenye viungo vinne. Na Horst Leitner, Mwaustria aliyetoka kwenye motokrosi, akafanya jambo dogo sana kwa macho: akaweka bawaba kwenye paipu ya chini ya nyuma, mbele kidogo ya ekseli na chini yake. Ukiiweka bawaba hiyo juu ya ekseli, ekseli inabaki imefungwa kwenye mkono mmoja na inachora duara la kawaida, hata kama juu kuna viungo vingi vya kupendeza. Ukiishusha mbele ya ekseli, ekseli inaning'inia kwenye kipande kinachoelea kati ya viungo viwili, na unaweza kuchagua njia itakayopita, na breki nayo haiikazi springi kama zamani. Tofauti ni sentimita chache tu.

Specialized walinunua hataza ya Leitner mwaka 1998. Toka hapo, aliyetaka kuuza baiskeli Marekani yenye bawaba mahali pale alilipa, au alihamisha bawaba. Baadhi ya kampuni za Ulaya zilikuwa na baiskeli za kuuza kwao na zingine za kupeleka Marekani, tofauti ni tundu moja. Hali hiyo ilidumu mpaka hataza ikaisha muda wake katika muongo wa 2010.

Vikwazo navyo vinazaa. Santa Cruz na Intense walichukua hataza ya kampuni iitwayo Outland, ya viungo viwili vifupi vinavyozunguka pande tofauti, wakaikuza ikawa VPP mwanzoni mwa miaka ya 2000. Dave Weagle naye akatoa dw-link, ambayo haipigani na mnyororo bali inautumia: unapokanyaga, mvuto wa mnyororo unalizuia gurudumu lisipande kiasi kile kile ambacho uzito wako ungelipandisha. Sam Hill wa Australia alishinda ubingwa wa dunia wa kuteremka mwaka 2006 na 2007 kwa Iron Horse Sunday yenye viungo hivyo. Mwaka 2009 kampuni ya Iron Horse ikafilisika. Ubingwa haulipi madeni.

Jambo moja la mwisho la kihistoria. Shokomzoba za hewa zinakaza zenyewe, kwa sababu hewa ikibanwa nusu, mgandamizo unazidi maradufu. Kwa miaka mingi wabunifu waliacha hewa ifanye kazi ya kukaza. Shokomzoba za hewa zilipopanuliwa ziwe laini, na za springi ya chuma ziliporudi kupendwa, kazi hiyo ikarudi kwa viungo. Ndiyo maana leo watu hutaja asilimia ya kukaza kama sisi tunavyotaja kasi ya prosesa.

Sasa turudi Kuze. Baiskeli ya mpwa wangu haina viungo hivyo vyote. Ni ya kundi la tuktuk: mkono wa milimita 420, bawaba moja, shokomzoba imeshikwa milimita 165 kutoka bawabani. Niliandika programu fupi ya Python, mistari haizidi 20, yote ni kanuni ya kosaini tuliyofundishwa kidato cha tatu tukauliza itatusaidia nini maishani. Nikaingiza vipimo vya kiwanda: pembe digrii 70, uwiano unaanza 2.7 unaishia 2.6, gurudumu linapanda milimita 100. Kukaza kidogo tu, lakini kukaza.

Nikaingiza vipimo vyetu. Pembe digrii 105. Uwiano unaanza 2.6 na kuishia 3.6. Gurudumu linapanda karibu milimita 150, kwenye fremu iliyochongewa 100. Zile kilo 400 za springi, ambazo zingefika gurudumuni kama 154, zilifika kama 111. Kwa hiyo mwishoni springi ilikuwa inalegea, na hata kabla haijafika mwisho wake tairi lilikuwa tayari limefika kwenye paipu. Sikuhitaji kompyuta kubwa kuliona hilo. Nilihitaji kuinua gurudumu kwa mkono, bila springi, mpaka mwisho, kabla ya kusema panafaa. Dakika moja.

Nikaiuliza programu swali lingine: shokomzoba hii hii ndefu ingekaa wapi? Jibu: kwenye mstari ule ule wa zamani, sentimita mbili na nusu tu mbele ya tundu la kwanza, na bushi ya milimita 12 kwenye fimbo yake ili isibonyee zaidi ya 38. Uwiano unarudi 2.7 kwenda 2.6, gurudumu linarudi 100.

Nilimpelekea fundi karatasi. Nilidhani atanuna. Aliitazama muda mrefu, kisha akachukua kipande cha kamba, akakifunga bawabani, akaanza kukizungusha huku akiangalia pembe. "Kumbe ni mlango huu," akasema. "Mlango ukiusukuma karibu na bawaba unakuwa mzito." Maneno machache, na alikuwa ameeleza aya zangu zote za juu. Tukakata kishikio cha kwanza, tukatia bamba la kukaza pale paipu ilipokuwa nyembamba, tukatoboa upya. Safari hii tuliinua gurudumu kwa mkono kwanza, mara kumi.

Mkono wa kijana umepona. Baiskeli ameirudia, ila mteremko wa bandari anaupita polepole, na mimi simkebehi. Wenye fremu za mitumba na shokomzoba zisizoingia, nipeni vipimo vitatu: kutoka bawaba hadi kila ncha ya shokomzoba, na urefu wake. Nitawapigia hesabu bure. Nina deni.